Maneno ya Mwalimu Niliyomnyima Baba

Nilimdanganya baba yangu mbele ya macho yake, kwa lugha aliyonilea nayo, na yeye akanishukuru. Hilo ndilo kosa langu. Nimelibeba miaka sita. Ukurasa huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, na leo nautuma kabla sijaanza tena kufikiria.

Jina langu sitalitaja. Waswahili wa Stockholm si wengi, na ukitaja kanisa lako watu watajua hadi rangi ya mapazia ya kwenu. Itoshe kusema tunakaa Norsborg, mwisho kabisa wa njia nyekundu ya treni, na kwamba tulitoka Uvira, Kongo, nikiwa na miaka tisa.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Mtu akiniambia "tutaongea kesho," usiku huo nimeshaandaa majibu kumi, na yote ni ya kujitetea. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Nasema ili ujue kichwa kilichofanya jambo hili ni kichwa cha namna gani.

Uvira, baba yangu alikuwa mwalimu wa sekondari. Alifundisha Kifaransa na fasihi. Hapa alipata kazi ya usafi uwanja wa ndege, karibu na Märsta, upande wa pili kabisa wa jiji. Kutoka kwetu ni treni ya chini ya ardhi hadi katikati, halafu treni nyingine ndefu kwenda kaskazini, zaidi ya saa moja na nusu kila safari. Yeye alisema ana bahati, kwa sababu anapandia kituo cha mwanzo na kiti hakikosi.

"Kiti na mwangaza," alisema. "Mutu wa kusoma anataka nini tena?"

Na alisoma kweli. Alama za kurasa zake zilikuwa vipande vya tiketi ambavyo abiria walivisahau kwenye viti vya kusubiria. Jioni mbili kwa wiki alishuka njiani kwenda darasa la Kiswidi la watu wazima, akiwa bado na harufu ya dawa ya sakafu mikononi. Alitaka kitu kimoja tu, na alikitaja waziwazi kila mtu alipomuuliza: arudi kusimama mbele ya wanafunzi. Wadogo au wakubwa, somo lolote. Arudi tu darasani.

Shika hilo, maana ndilo nililoliharibu.

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari ya juu nilichagua kozi ya fasihi ya Kimarekani. Sikuichagua kwa mapenzi. Kiingereza changu kilikuwa kizuri na nilitaka alama za kuniingiza chuo kikuu. Mwalimu wetu aliitwa Ingela. Huku mwalimu anaitwa kwa jina lake tupu, hata na mtoto wa miaka saba, lakini Baba hakuweza. Alimwita Madame Ingela hata tulipokuwa sisi wawili jikoni.

Kitabu kikubwa cha kozi kilikuwa riwaya ya mwanamke mjane wa kusini mwa Marekani, zamani, anayebaki shambani na mabinti wawili baada ya mumewe kuuawa. Kila jioni mjane yule anatoa viatu vya marehemu na kuviweka kwenye ngazi ya mlango wa mbele. Hiyo ndiyo sehemu tuliyoijadili wiki nzima. Darasani tulifundishwa kutafuta ishara, na sote tukakubaliana: viatu ni ishara ya huzuni. Mama hataki kukubali kwamba mumewe hayupo.

Baba aliposikia tunasoma riwaya nzima, macho yalimwaka. Alikwenda maktaba ya mtaani, akaomba nakala ya Kifaransa, ikaletwa kutoka mji mwingine. Nilimwambia rafiki yangu Wambui, Mkenya wa Rågsved tuliyesoma naye, akacheka hadi akashika meza.

"Ati babako anasoma setbook yetu? Wangu anadhani nasomea uhasibu. Juzi kaniuliza kama nishaanza kufunga mahesabu."

Nilicheka pia. Lakini moyoni niliona haya kidogo, na hata leo sijui haya ya nini.

Jumamosi moja tulikuwa mezani, tunakula ugali na sombe, yaani kisamvu. Mama alikuwa anasafisha masufuria. Baba akauliza, "Madame Ingela anasema je juu ya vile viatu?"

"Anasema ni huzuni. Mama hawezi kumwachilia mumewe."

Akanawa vidole kwenye bakuli, polepole. "Na matope?"

"Matope gani, Baba?"

"Kuna ukurasa anachota matope mabichi pale kisimani, anapaka viatu. Umesoma ama umeruka?"

Nilikuwa nimesoma. Sikuwa nimeona.

"Mutu wa huzuni anasafisha viatu vya marehemu, mama," alisema. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Anapiga rangi, anafunga ndani ya kitambaa. Hapaki matope. Huyu mwanamuke iko na wasichana wawili ndani ya nyumba. Anataka mwenye kupita barabarani ajue mwanaume ametoka shamba saa hii, yuko ndani, anakula. Huzuni yake iko fasi ingine. Pale mulangoni iko woga."

"Umejuaje?"

"Mama yangu alifanya vile mwaka Baba hakurudi. Viatu, na kofia juu ya msumari. Jioni anaongea kwa nguvu: 'Eh, mzee, chakula iko tayari!' Na hakuna mzee. Siye batoto tulikuwa tunacheka. Tulizani ni mchezo."

Mama hakugeuka. "Miye pia naongea mwenyewe tangu asubuhi," alisema, "na bwana iko ndani ya nyumba."

Tulicheka wote watatu. Ninaikumbuka ile meza kuliko sikukuu zote za Krismasi nilizowahi kula.

Kisha nikaenda chumbani kwangu nikaandika insha. Niliandika juu ya matope. Niliandika vizuri, naweza kusema hivyo, sentensi zilikuwa zangu na nilitafuta kurasa nyingine tatu za kuthibitisha. Lakini jicho lililoyaona matope lilikuwa la Baba, na sikumtaja hata kwa herufi moja. Mwishoni palikuwa na mstari wa kutia sahihi: kazi hii ni yangu mwenyewe. Nikatia sahihi.

Insha ikarudi na alama ya juu kabisa. Pembeni, kwa penseli, Ingela alikuwa ameandika kwamba amefundisha kitabu hicho miaka mingi na hajawahi kuyaona matope. Chini yake akauliza: umeyaonaje?

Mtu wa kawaida angefurahi. Mimi nilisoma lile swali kama karatasi ya polisi.

Unielewe. Muhula uliopita kijana wa darasa la jirani alikuwa ameitwa ofisini pamoja na wazazi wake kwa sababu insha yake iliandikwa na binamu. Nikaanza kuona ofisi ile ile, meza ile ile, na mimi nimekaa. Sikulala. Nilisoma kanuni za shule kwenye simu, ukurasa baada ya ukurasa, nikitafuta neno "baba." Leo najua kwamba kuongea juu ya kitabu na mzazi wako si wizi. Ungeniuliza wewe, ungenijibu kwa sekunde moja. Lakini sikumuuliza mtu. Nilijiuliza mwenyewe, na mimi mwenyewe ni hakimu mbaya.

Baada ya wiki mbili ukaja mkutano wa mzazi, mwanafunzi na mwalimu, ule wanaoufanya hapa kila muhula. Ujumbe wa mwaliko ulikuwa na swali: je, mzazi anahitaji mkalimani? Nikajibu hapana. Nilikuwa nikijibu hapana tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Sisi watoto tuliokulia hapa ndio midomo ya wazazi wetu, benki, kwa daktari, kwa mwenye nyumba. Na mkalimani wa Kiswahili Stockholm anaweza kuwa mtu mnayeimba naye kwaya. Nani anataka alama za mtoto wake zifike kanisani kabla ya mahubiri?

Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alikuwa amebadilisha nguo kwenye choo cha kituo cha kati, amevaa koti lake la harusi za watu. Mkononi alishika mfuko wa plastiki. Nilipochungulia ndani nikaona ile riwaya ya Kifaransa, imejaa vipande vya tiketi, na karatasi iliyokunjwa.

"Hiyo karatasi ni nini?"

"Maswali yangu matatu kwa Madame Ingela. Utanisaidia kuyasema. Hili la mwisho ni gumu kidogo."

Akikitoa kile kitabu mbele ya Ingela, nimekwisha. Ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno: nimekwisha.

"Baba, ni dakika ishirini tu. Leo ni mambo ya alama. Maswali siku ingine."

"Hata moja?"

"Siku ingine, Baba."

Akaukunja mfuko na kuuweka chini ya kiti.

Ingela alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini, mwenye kucheka haraka. Alimpa Baba mkono, akaanza kuzungumza juu ya insha yangu. Akasema ni ya pekee. Akaniuliza nyumbani naongea na nani kuhusu vitabu. Nikajibu kwa Kiswidi, upesi, kile Kiswidi cha vijana ambacho Baba hakukifuata vizuri: "Siongei na mtu. Baba hasomi vitabu vya namna hii. Anafanya kazi ya usafi."

Nilisema hivyo akiwa amekaa kando yangu. Bega lake lilikuwa limegusa langu.

Sidhani alielewa yote. Lakini neno la usafi alilielewa, lile alilijua kuliko maneno yote ya Kiswidi, maana limeandikwa kwenye kadi yake ya kazi. Akainua kichwa, akajitambulisha kwa Kiswidi chake mwenyewe, kwa makini, kama mtu anayevuka barafu: "Jag var lärare. I Kongo." Nilikuwa mwalimu. Kongo.

Uso wa Ingela ukafunguka. Akamgeukia, akasahau kwamba nipo, akazungumza kwa dakika nzima. Halafu akanikumbuka, akasema, "Mwambie, tafadhali. Mwambie yote."

Haya ndiyo aliyosema. Kwamba rafiki yake anasimamia walimu wa lugha ya mama katika shule za eneo letu. Kwamba kuna watoto wa Kiswahili wamekaa tangu vuli bila mwalimu, na hawapati mtu. Kwamba mtu aliyefundisha kwao anaweza kuanza hata kabla Kiswidi chake hakijakamilika, na vyeti vitafuata. Kwamba akikubali, yeye Ingela atapeleka jina lake wiki hiyo hiyo. Na kwamba angependa sana aje siku moja waongee juu ya vitabu.

Msomaji, nilisikia kila neno. Sikukosa hata moja.

Na kichwa changu, katika pumzi moja tu, kikapiga hesabu hii: Baba akiwa mwalimu eneo hili, atakutana na Ingela. Wakikutana wataongea juu ya riwaya. Wakiongea, atataja matope. Ingela atajua. Sahihi yangu itakuwa ya uongo. Chuo kikuu hakuna tena.

Nikamgeukia baba yangu nikamwambia kwa Kiswahili: "Anakupongeza kuwa mwalimu. Anasema lakini huku mambo ni tofauti. Anaomba uache kunisaidia na vitabu, kwa sababu mawazo yangu yanaanza kuonekana si yangu."

Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwangalia Ingela na kuinamisha kichwa, kwa heshima. "Tack," akasema. Asante.

Ingela alisubiri jibu. Nikamwambia, "Anashukuru. Anasema atafikiria."

Tulipotoka nje theluji ilikuwa imegeuka uji kwenye njia ya watembea kwa miguu. Baba alitembea hatua chache, akasema, "Yeye amesema mengi. Wewe umesema machache."

"Kiswidi kinarefuka, Baba."

Alicheka. Alinicheka kwa upendo kabisa. Baadaye kituoni akauliza, "Kuna neno alirudia, modersmål. Ni nini?"

"Lugha ya mama. Anasema tusiache kuongea lugha yetu nyumbani."

"Ana haki," alisema. "Ni mwalimu muzuri. Asante kunitafsiria, mama."

Ningeweza kusema pale pale. Treni ilikuwa bado dakika sita, nakumbuka ubao. Dakika sita ni muda mrefu sana kwa neno moja la kweli. Nilizitumia kuangalia simu.

Wiki ile alirudisha riwaya maktaba. Hakununa, si mtu wa kununa. Nilipoleta kitabu kingine nyumbani, alikiangalia jalada, akakirudisha pale pale nilipokiweka. Hakuniuliza tena Madame Ingela anasema je. Meza yetu ya Jumamosi ikawa ya kula tu.

Majani yalipoanza kuchipua, akaacha darasa la Kiswidi. Mama alimuuliza kwa nini, nami nilikuwa sebuleni nasikia.

"Nilikuwa najidanganya," alimjibu. "Hata mwalimu wa mutoto ameona mawazo yangu si ya huku. Na iko mwanamke mwema, hakusema kwa ubaya."

Hapo pia ningeweza kusema. Nilikuwa na mitihani.

Siku ya kuhitimu tulitoka mbio kwenye milango ya shule na kofia nyeupe, kama desturi ya hapa, na wazazi wanasubiri wakiwa wameinua mabango yenye picha za watoto wao wakiwa wadogo. Baba aliinua langu juu kuliko yote. Alikuwa ametoka moja kwa moja zamu ya alfajiri. Wambui aliniuliza kwa nini nalia hivyo, wengine wanaimba. Nikasema ni furaha.

Niliingia chuo kikuu. Nilisomea ualimu, cheka ukitaka. Nilisomea kile kile nilichomfungia baba yangu mlango. Miaka yote mitano alikuwa akipanda treni ya alfajiri kwenda Märsta. Mama alisema siku hizi anasinzia tu njiani. Mgongo ukaanza kumsumbua, kisha bega, kisha mgongo tena.

Mwaka jana, muhula wangu wa mwisho, nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja kusini mwa jiji. Siku ya pili nikaingia chumba cha mashine ya kunakili, na Ingela yuko pale, nywele zimekuwa nyeupe. Alinikumbatia. Na kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa juu yangu.

"Baba yako yuko wapi siku hizi? Nilisubiri anipigie. Nafasi ile ilikaa wazi karibu miaka miwili. Watoto kumi na mmoja, hawakuwa na mtu. Mwishowe nikajiambia, labda ni mtu wa fahari, hakutaka kubebwa."

Mashine ilikuwa inatema karatasi zangu na sikuweza kuzichukua. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama. Matope, sahihi, yale niliyotafsiri na yale niliyomeza. Niliongea haraka kama ninavyoongea nikiogopa, na nilipomaliza nikasema, "Nilikuwa na miaka kumi na minane."

"Ndiyo," alisema Ingela. "Wewe ulikuwa na kumi na minane. Yeye alikuwa na mingapi?"

"Hamsini na miwili."

Alinikusanyia karatasi zangu, akazipanga, akanipa.

Kuhusu insha ile hakusema chochote. Nilimuuliza baadaye, nilishindwa kujizuia. Akashangaa. Akasema kama ningeandika tu kwamba ni baba yangu aliyeyaona matope, alama ingekuwa ile ile, na angemwita Baba aje aongee na darasa zima.

Ilinichukua wiki tatu kumwambia Baba. Niliandaa hotuba kwenye daftari. Siku yenyewe tulikuwa chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, Jumamosi asubuhi, zamu yetu iliyoandikwa ubaoni. Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili. Hotuba ilinipotea. Nikasema tu, "Baba, Ingela hakusema vile. Siku ile. Alitaka uwe mwalimu."

Akasimama na pembe zake mkononi. "Mwalimu wapi?"

Nikamweleza. Mashine mbili zilikuwa zinazunguka na ilibidi niseme kwa sauti, aibu yote ile kwa sauti ya juu. Nilipomaliza alikuja hatua mbili mbele, akaunganisha pembe zake na zangu kama tunavyofanya siku zote, akalichukua shuka.

"Watoto walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wa miaka mingapi?"

"Sijui, Baba."

"Kama ni wadogo, unaanza na hadithi. Unasoma nusu, unafunga kitabu. Wanapiga kelele, wanataka ingine nusu. Unawaambia: muandike wenyewe." Alikuwa anaongea na shuka. "Vile ndivyo nilikuwa nafanya Uvira."

Nilipiga magoti kwenye ile sakafu ya saruji, kwa desturi yetu. Akaniinua kwa mkono wenye bega zima.

"Uliogopa," alisema. "Hata miye ningekupa kibali cha kuogopa. Lakini ungeniambia kituoni. Kituoni tulikuwa wawili tu."

Kisha akasema, "Mama yako asijue. Utamuvunja." Na tukakunja mashuka yaliyobaki.

Utaniuliza, si bado anaweza kuomba kazi? Niliuliza hivyo hivyo. Nilimjazia fomu nzima. Nafasi ile ina mtu sasa, na zingine zinahitaji Kiswidi alichokuwa nacho wakati ule. Ana miaka hamsini na minane, yuko nyumbani kwa cheti cha daktari. Alizisoma zile karatasi, akanirudishia kwa upole. "Kiswidi changu kimekufa, mama. Na miye mwenyewe, nikisimama mbele ya watoto leo, nitashika mugongo ama chaki?"

Nilitegemea hasira. Mwenye kosa anaitamani hasira, inampa kitu cha kulipa. Yeye hakunipa.

Mwezi uliopita alikuwa na miadi kwa daktari wa mgongo. Nilichukua ruhusa kazini, tukaenda pamoja, kama miaka yote. Nesi akaita jina lake. Nikainuka. Baba akaweka mkono juu ya goti langu, akanirudisha kwenye kiti, akamwambia nesi kwa Kiswidi kile anachosema kimekufa: "Tolk, tack." Mkalimani, tafadhali.

Nesi akanitazama. "Lakini binti yako yupo."

"Ndiyo," Baba akasema. "Binti yangu anapumzika."

Alinitabasamia kabisa, sikuona kisu chochote ndani yake. Wakaingia, mlango ukafungwa. Kupitia ule mlango nilisikia sauti ya mtu kwenye simu, mtu nisiyemjua, akimwambia baba yangu kwa Kiswahili kila kitu daktari alichosema, na Baba akimuuliza maswali. Aliuliza mengi. Sikuwa nimemsikia akiuliza hivyo kwa miaka sita.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, mdogo wangu, wewe uliye mdomo wa mama yako au baba yako katika nchi ya watu: peleka neno lote. Hata likikuaibisha. Hata likikufunga. Si lako, umepewa tu ulipitishe. Na kama umeshalimeza moja, usisubiri hotuba ikamilike kichwani. Haikamiliki. Inuka umwambie leo, wakati bado ana nguvu ya kulitumia.

Na mzazi unayesoma haya, usione vibaya kuomba mkalimani. Mpe mtoto wako nafasi ya kuwa mtoto wako tu.

Mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikashika koti lake hadi alipotoka. Sasa hiyo ndiyo kazi aliyoniachia, na ninaifanya vizuri.